Jinsi ya kupata mchanganuo wa rangi na asili ya wenye sifa za kupiga kura katika jimbo la Marekani: tunatumia Texas

Uchaguzi wa Marekani ukikaribia, kuna maneno ambayo huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na hata kwenye magazeti yetu: "Texas sasa Walatino ni karibu asilimia 40, kwa hiyo..." Baada ya hiyo "kwa hiyo" hufuata utabiri wa nani atashinda.

Takwimu yenyewe ni ya kweli. Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi 29,145,505 katika jimbo la Texas. Walatino, yaani watu wenye asili ya nchi za Kihispania kama Mexico, walikuwa 11,441,717, sawa na asilimia 39.3, na Wazungu wasio Walatino walikuwa asilimia 39.7. Tatizo ni kwamba hao ni wakazi. Ukihesabu wale wanaoruhusiwa kisheria kupiga kura, Walatino wanashuka hadi asilimia 30 na kidogo, na Wazungu wanapanda hadi karibu nusu. Ni jimbo lilelile, ila swali limebadilika, na jibu limebadilika nalo.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kulipata jibu la swali la pili kwa mkono wake mwenyewe: mwandishi wa habari aliyeko Nairobi au Dar es Salaam anayeandika kuhusu uchaguzi wa Marekani, mwanafunzi mwenye tasnifu, au kiongozi wa jumuiya ya Wakenya, Watanzania au Wakongo kule Houston na Dallas anayetaka kwenda kwa maofisa wa kaunti akiwa na tarakimu zinazosimama. Data zote ni za bure. Unahitaji intaneti, programu ya majedwali kama Excel, na alasiri moja tulivu. Hatua ni zilezile ukitaka kufanya Minnesota, Georgia au Arizona.

1. Amua kwanza unamhesabu nani

Hatua hii haihitaji kompyuta, na ndiyo inayoharibiwa na wengi. Kuna mafungu matano ambayo watu huyachanganya kila siku:

- wakazi wote, wakiwemo watoto na wasio raia;
- wakazi wenye miaka 18 na zaidi;
- raia wenye miaka 18 na zaidi;
- walioandikishwa katika daftari la wapigakura;
- waliokwenda kupiga kura.

Unalolitafuta ni fungu la tatu. Wamarekani hulifupisha kwa herufi CVAP, na utazikuta herufi hizo kwenye kila faili utakalofungua, kwa hiyo zizoee. Umri wa miaka 18 umewekwa na Marekebisho ya 26 ya Katiba, ya mwaka 1971. Uraia unamaanisha uraia kamili: mwenye green card analipa kodi, ana nyumba, watoto wake wanasoma hapo, lakini uchaguzi wa rais na wa Bunge la Congress haumhusu mpaka aape.

Kuna tundu moja kwenye fungu hili ambalo lazima ulijue tangu mwanzo. Sheria za majimbo huwanyima kura baadhi ya waliohukumiwa kwa makosa makubwa ya jinai, na kila jimbo lina kanuni zake. Texas humrudishia mtu haki yake akishamaliza adhabu yote, pamoja na kipindi cha kuachiliwa kwa masharti. Maine na Vermont hawamnyimi mtu kura hata akiwa gerezani. Minnesota ilibadilisha sheria mwaka 2023, na sasa aliye nje ya gereza anapiga kura hata kama bado yuko chini ya uangalizi. Takwimu za CVAP haziwatoi watu hawa. Zinahesabu uraia na umri, basi. Kwa sababu hiyo, unapoandika, sema "raia wenye umri wa kupiga kura" badala ya kudai kwamba kila mmoja wao anaweza kuingia kituoni kesho. Na kwa kuwa watu weusi wamefungwa kwa uwiano mkubwa kuliko wenzao, tundu hili halina rangi sawa: linapunguza wapigakura weusi kuliko tarakimu zinavyoonyesha.

2. Elewa kwa nini picha inabadilika

Usipakue chochote kabla hujaelewa hili, maana ndilo litakaloulizwa na kila msomaji wako. Chukua mji wa kubuni wenye wakazi 1,000: Walatino 400, Wazungu 400, weusi 130 na Waasia 70.

Pitisha chujio la umri. Walatino ni jamii changa, kwa hiyo watoto wao ni 125 na wanabaki 275. Wazungu wana watoto 75, wanabaki 325. Weusi wanabaki 97, Waasia 54.

Pitisha chujio la uraia. Kwa Walatino, watu wazima 70 si raia, wanabaki 205. Kwa Wazungu wanatoka 5 tu, wanabaki 320. Weusi wanatoka 9, wanabaki 88. Waasia, ambao wengi wamekuja kwa kazi na masomo, wanatoka 18, wanabaki 36.

Jumla ya waliobaki ni 649. Sasa gawanya: Wazungu 320 ni asilimia 49.3, Walatino 205 ni asilimia 31.6, weusi asilimia 13.6, Waasia asilimia 5.5. Walatino na Wazungu walioanza sawasawa, 400 kwa 400, wameachana kwa karibu alama 18.

Tarakimu hizi ni za mfano, nimezipanga makusudi zifanane na Texas, na kweli Texas inafanana nazo. Angalia umri: mwaka 2020 karibu nusu ya watoto wote wa Texas walikuwa Walatino. Watu husahau kwamba chujio la umri linafanya kazi kubwa namna hii. Hukimbilia kusema "ni wahamiaji wasio na karatasi". Hapana. Sehemu kubwa ya Walatino wasiopiga kura Texas ni watoto waliozaliwa Marekani, raia kamili, ambao kila mwaka wengine wao wanatimiza miaka 18. Mwandishi asiyelitaja hilo anamdanganya msomaji wake, hata kama kila tarakimu aliyoandika ni sahihi.

Na hapa kuna jambo la kisiasa lenye uzito. Viti vya Baraza la Wawakilishi katika Congress hugawanywa kwa wakazi wote, watoto na wasio raia wakiwemo. Texas iliongezeka karibu watu milioni 4 kati ya 2010 na 2020, asilimia 95 ya ongezeko hilo wakiwa si Wazungu, na viti vyake vikapanda kutoka 36 hadi 38. Watu waliozaa viti hivyo wengi wao hawakuwa na kura bado. Waliwahi kutokea wapigakura wa Texas waliokwenda mahakamani wakitaka maeneobunge ya Seneti ya jimbo lao yapimwe kwa wenye sifa za kupiga kura peke yao. Kesi hiyo, Evenwel dhidi ya Abbott, ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2016 majaji wote 8 walikubaliana kwamba jimbo lina ruhusa ya kutumia wakazi wote. Kwa hiyo fungu la kwanza na fungu la tatu yote yana kazi zake. Kosa ni kulitumia moja mahali pa lingine.

3. Nenda kwenye chanzo sahihi

Wengi huanza na sensa ya 2020 na kushangaa hawaoni uraia. Hawauoni kwa sababu haukuulizwa. Mwaka 2018 serikali ya Trump ilitangaza kwamba itaongeza swali la uraia kwenye fomu ya sensa. Kesi ikafunguliwa, na Juni 2019 Mahakama ya Juu ikazuia, ikisema sababu iliyotolewa na Wizara ya Biashara, inayosimamia sensa, haikuwa sababu ya kweli. Fomu ya 2020 ikatoka bila swali hilo.

Uraia unaulizwa kwenye utafiti mwingine wa Ofisi ya Sensa, unaoitwa kwa kifupi ACS. Huu hufanyika mwaka mzima, kila mwaka, kwa sampuli ya anwani kama milioni 3.5 nchi nzima. Kwa kuwa ni sampuli, unachokipata ni makadirio. Hutolewa kwa namna mbili: makadirio ya mwaka mmoja, kwa maeneo yenye watu 65,000 na zaidi, na makadirio ya miaka mitano kwa pamoja, kwa kila eneo mpaka mtaa mdogo.

Kwa jimbo zima kubwa kama Texas, mwaka mmoja unatosha na ni wa karibuni zaidi. Kwa kaunti, na Texas ina kaunti 254 ambazo nyingi ni ndogo, tumia miaka mitano. Angalizo moja: mwaka 2020 janga la korona liliharibu ukusanyaji, na Ofisi ya Sensa haikutoa makadirio ya kawaida ya mwaka mmoja kwa 2020. Ukiona mtu amechora mstari wa mwaka kwa mwaka unaopita 2020 bila maelezo, muulize aliipata wapi nukta hiyo.

4. Pakua faili la CVAP na ulisome mstari kwa mstari

Kwenye tovuti ya Ofisi ya Sensa tafuta neno CVAP. Utakuta ukurasa wenye mafaili ya kila toleo, yaliyotayarishwa hasa kwa kazi hii, yote ya miaka mitano. Pakua folda iliyofungwa, ifungue, na ndani yake chukua faili la majimbo. Kuna la kaunti, la miji na la maeneobunge pia. Yaache kwa sasa.

Kila jimbo lina mistari 13. Namba ya Texas kwenye mfumo wa Marekani ni 48, tafuta msimbo unaoishia na hiyo. Mstari wa 1 ni jumla. Mstari wa 2 ni wote wasio Walatino. Mstari wa 3 ni wenyeji wa asili wa Marekani na Alaska, wa 4 Waasia, wa 5 weusi, wa 6 watu wa Hawaii na visiwa vya Pasifiki, wa 7 Wazungu. Wa 8 hadi wa 12 ni watu wa rangi zaidi ya moja: kwa mfano wa 10 ni waliojiandika weusi na Wazungu kwa pamoja. Mstari wa 13 ndio Walatino wote, wa rangi yoyote.

Kwa upande wa safu, utaona jozi nne. Ya kwanza ni wakazi wote, ya pili watu wazima, ya tatu raia wa umri wowote, na ya nne, CVAP_EST, ndiyo raia watu wazima. Kila safu ya makadirio inafuatwa na safu ya kiwango cha makosa, inayoishia na MOE. Usiifute. Watu huifuta ili jedwali lipendeze, kisha wanakwama hatua ya 6.

Sasa fanya mahesabu mawili ya kujihakikishia. Jumlisha mstari wa 3 mpaka wa 12 uone kama unapata mstari wa 2. Halafu jumlisha mstari wa 2 na wa 13 uone kama unapata mstari wa 1. Usishtuke ukikosa kwa watu wachache: ili kulinda siri za waliojibu, tarakimu zimezungushwa kwenye tano ya karibu, na namba kati ya 1 na 7 zote huandikwa 4. Kwa jimbo zima halina athari. Kwa mtaa mdogo wenye Waasia "4", elewa kwamba anaweza kuwa mmoja au saba.

Baada ya hapo gawanya CVAP_EST ya kila mstari kwa CVAP_EST ya mstari wa 1, zidisha kwa 100. Rudia kwa safu ya wakazi wote. Weka matokeo bega kwa bega. Pengo kati ya safu hizo mbili ndilo habari yako. Kwa Texas utaona Wazungu kama nusu, Walatino asilimia 30 na ushee, weusi asilimia 13 hivi, na Waasia wakiwa wamepungua ukilinganisha na sehemu yao ya wakazi.

5. Amua nani anaingia fungu gani, na uliandike

Kwenye utaratibu uliotumika tangu 1997, Ofisi ya Sensa huuliza maswali mawili: je, wewe ni Mlatino, ndiyo au hapana, halafu, rangi yako ni ipi. Ndiyo maana Mlatino anaweza kuwa mweusi, Mzungu au chochote. Katika faili la CVAP jambo hili limeshatatuliwa, kwa kuwa mistari yote ya rangi, wa 3 hadi wa 12, ni ya wasio Walatino.

Swali linalobaki ni watu wa rangi zaidi ya moja. Mtoto wa mama Mkenya na baba Mzungu, aliyezaliwa Houston na sasa ana miaka 22, akijiandika vyote viwili yuko mstari wa 10. Je, unamhesabu na weusi? Kwa masuala ya haki za kupiga kura, desturi ya muda mrefu ya serikali ni kumweka na kundi la wachache, yaani kujumlisha mstari wa 5 na wa 10 kupata weusi. Mimi naona hiyo ndiyo njia ya haki, lakini jambo la lazima ni moja: sema umefanya nini, na usibadilishe katikati.

Na sisi je? Mtu wa asili ya Kenya, Kongo, Burundi au Tanzania anahesabiwa na weusi, pamoja na wajukuu wa waliopelekwa Marekani kama watumwa. Fomu ya 2020 iliweka nafasi ya kuandika asili, na chini ya kisanduku cha weusi mifano iliyochapishwa ilikuwa na Wanaijeria, Waethiopia na Wasomali. Lakini Mzanzibari mwenye asili ya Oman anayejitambua kama Mwarabu, kwa utaratibu huo, huangukia kwenye Wazungu, kwa sababu watu wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini wamewekwa hapo. Mhindi wa Mombasa au Kampala yuko kwa Waasia. Hivyo basi, majirani wa mtaa mmoja wa mwambao, wote wakizungumza Kiswahili mezani, wanaweza kuhesabiwa kwenye mistari mitatu tofauti. Machi 2024 serikali ilipitisha utaratibu mpya: swali moja badala ya mawili, na kisanduku cha pekee cha Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Mafaili yaliyokusanywa kwa utaratibu wa zamani hayatabadilika, kwa hiyo angalia daima toleo ulilonalo ni la lini.

Hapo pana mtego kwa wanaolinganisha miaka. Kati ya 2010 na 2020, waliohesabiwa Marekani nzima kama Wazungu peke yake walishuka kutoka milioni 223.6 hadi milioni 204.3, na wa rangi zaidi ya moja wakaruka kutoka milioni 9 hadi milioni 33.8. Mamilioni ya watu hawakubadilika rangi ndani ya miaka 10. Sehemu kubwa ya mabadiliko hayo imetokana na fomu kupangwa upya na majibu ya kuandika kwa mkono kusomwa kwa undani zaidi, hasa ya Walatino. Ukitaka kulinganisha miaka kwa usalama, shikamana na makundi mawili ambayo hayakuyumba sana kama mengine: Wazungu wasio Walatino, na Walatino wote.

6. Heshimu kiwango cha makosa

Makadirio ya ACS hutolewa na kiwango cha makosa kwa uhakika wa asilimia 90. Ukikuta kaunti ina raia weusi watu wazima 1,200 na kiwango cha makosa 400, soma "kati ya 800 na 1,600". Usiandike 1,200 kana kwamba mtu aliwapitia mlango kwa mlango.

Unapojumlisha mistari, viwango vya makosa havijumlishwi hivihivi. Zidisha kila kimoja kwa chenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kwa mfano, 300 na 400: 90,000 na 160,000 ni 250,000, na kipeuo chake ni 500. Si 700. Kwa jimbo la Texas utaona viwango hivi ni vidogo sana mbele ya mamilioni. Shuka kwenye kaunti yenye watu 5,000 na utaona viwango vikimeza makadirio yenyewe. Kikimeza zaidi ya nusu ya makadirio, mimi siitumii tarakimu hiyo. Naunganisha kaunti jirani kwanza.

Zaidi ya hapo kuna kosa lisiloonyeshwa kwenye safu yoyote. Ukaguzi wa Ofisi ya Sensa baada ya 2020 ulikuta Texas imepungukiwa watu kwa asilimia 1.92. Nchi nzima Walatino walipungua kwa asilimia 4.99 na weusi kwa asilimia 3.30, huku Wazungu wasio Walatino wakizidishwa kwa asilimia 1.64. Isitoshe, kwenye ACS mtu anajitaja mwenyewe kuwa raia. Hakuna anayekuja kumwomba cheti. Taja hayo kwa sentensi moja ukiandika ripoti.

7. Hakiki kwa jedwali la pili

Ingia data.census.gov, andika B05003, chagua Texas na makadirio ya mwaka mmoja. Jedwali hili linagawa watu kwa jinsia, umri, mahali pa kuzaliwa na uraia. Raia watu wazima ni jumla ya mistari minne: 9 na 11 kwa wanaume, 20 na 22 kwa wanawake, yaani waliozaliwa raia na walioapa uraia.

Jedwali lina matoleo ya kila rangi, kuanzia B05003A mpaka B05003I. H ni Wazungu wasio Walatino, I ni Walatino. Hayo mawili yatumie bila hofu. Lakini A ni Wazungu wote, hata Walatino waliojiandika Wazungu. Ukijumlisha A na I umewahesabu watu wengi mara mbili, na asilimia zako zitapita 100. Kosa hili limejaa mitandaoni. B, ya weusi, nayo ina Walatino weusi ndani, ingawa kwa Texas ni wachache.

Jibu lako la hatua ya 4 na hili la hapa yatatofautiana kidogo kwa sababu moja ni wastani wa miaka mitano na lingine ni la mwaka mmoja. Yakitofautiana kwa alama tano, rudi nyuma, kuna mstari umekosea.

8. Kama unataka kuwaona Waswahili ndani ya tarakimu

Mafaili ya CVAP hayashuki mpaka Mkenya au Mkongo. Jedwali B16001, la lugha za nyumbani, lina mstari wa Kiswahili, ila umefungwa pamoja na lugha nyingine za Afrika ya Kati, Mashariki na Kusini, kwa hiyo Kinyarwanda na Kishona vimo humohumo. Linahesabu kuanzia miaka 5 na haligusi uraia.

Ukitaka zaidi, pakua data ghafi za ACS zinazoitwa PUMS. Kila mstari ni mtu mmoja asiyetajwa jina, na unaweza kuchuja: ST (au STATE kwenye matoleo ya 2023 na ya baadaye) iwe 48, AGEP iwe 18 au zaidi, CIT iwe chochote isipokuwa 5 ambayo ni asiye raia, LANP iwe Kiswahili, halafu jumlisha uzito ulioko safu ya PWGTP. Usihesabu mistari yenyewe, jumlisha uzito. Sampuli ya Waswahili ni ndogo, kwa hiyo unganisha miaka mitano.

Kundi letu linabadilika haraka kupita makadirio. Katika mwaka wa fedha 2016 Wakongo 16,370 waliingia Marekani kama wakimbizi, wengi kuliko taifa lolote lingine mwaka huo, na Texas ni kati ya majimbo yaliyopokea wakimbizi wengi. Mkimbizi huhesabiwa ukaazi wake tangu siku aliyoingia, kwa hiyo anaweza kuomba uraia baada ya miaka mitano, na mtoto aliye chini ya miaka 18 mwenye ukaazi wa kudumu, anayeishi na mzazi huyo, hupata uraia mzazi anapoapa. Wastani wa miaka mitano unawachanganya waliokuwa wageni jana na walio raia leo, na kila mara utakuwa nyuma ya hali halisi.

Jambo hili lina matumizi ya moja kwa moja. Sehemu ya 203 ya Sheria ya Haki za Kupiga Kura, iliyoongezwa 1975, inalazimisha karatasi za kura zitafsiriwe pale ambapo raia watu wazima wa kundi la lugha wasiojua Kiingereza vizuri wanazidi 10,000 au asilimia 5, pamoja na masharti ya elimu. Kwa sheria hiyo kaunti ya Harris, ilipo Houston, inatoa kura kwa Kihispania, Kivietinamu na Kichina. Lakini sheria imetaja Kihispania, lugha za Asia na za wenyeji wa asili wa Marekani na Alaska tu. Kiswahili hakimo, hata tungekuwa 50,000. Usiende kwa ofisa wa kaunti ukidai Sehemu ya 203. Nenda na tarakimu zako uombe huduma kwa hiari, kama Minnesota inavyotoa maelezo ya uchaguzi kwa Kisomali. Na bibi asiyeweza kusoma karatasi ya kura ana haki chini ya Sehemu ya 208 kuingia na msaidizi amtakaye, ilimradi si mwajiri wake au wakala wa mwajiri huyo, wala ofisa au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Hiyo inafanya kazi nchi nzima, kwa lugha yoyote.

9. Usivuke kwenda kwa walioandikishwa bila kubadilisha chanzo

Ukiulizwa "wangapi wameandikishwa", CVAP haijibu. Baadhi ya majimbo ya kusini, kama Georgia, Florida, North Carolina na Louisiana, huandika rangi ya mtu kwenye daftari la wapigakura. Texas haiandiki, inachoweza kutoa ni hesabu ya wenye majina ya ukoo ya Kihispania, na jina si asili. North Dakota haina daftari kabisa. Kwa Texas tumia uchunguzi wa Novemba ambao Ofisi ya Sensa hufanya baada ya uchaguzi wa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, ukikumbuka kwamba watu hupenda kusema walipiga kura hata kama hawakwenda.

10. Andika matokeo yasipotoshwe

Sentensi kamili ina vitu vinne: nani, wapi, lini, kutoka wapi. Hivi: "Kwa makadirio ya ACS ya miaka mitano, Walatino ni asilimia kadhaa ya raia wenye miaka 18 na zaidi wa Texas, ingawa ni asilimia kadhaa ya wakazi wote." Weka asilimia zako, taja miaka ya toleo, na kiwango cha makosa kama ni kaunti ndogo. Zungusha asilimia kwenye namba kamili. Desimali mbili juu ya makadirio ni mapambo.

Usiwahi kuandika "kura za Walatino" ukimaanisha CVAP, maana raia hao hawajapiga chochote bado. Na ukilinganisha matoleo mawili ya miaka mitano, chagua yasiyogongana: 2014 hadi 2018 dhidi ya 2019 hadi 2023 ni sawa, 2018 hadi 2022 dhidi ya 2019 hadi 2023 yana miaka minne ya data ileile, na tofauti utakayoiona ni ya mwaka mmoja uliotoka na mmoja ulioingia. Hifadhi faili ghafi kama ulivyolipakua, lipe jina lenye mwaka wa toleo na tarehe ya kupakua, na mahesabu yako uyafanyie kwenye nakala.